Mafuta ya mbegu za zabibu: Soma hii kabla hujatoa hela yako

Kama una simu na bando, umeshakutana nayo. Kichupa kidogo cheusi, mafuta ya kijani hafifu, na dada mwenye uso unaong'aa anasema hii ndiyo siri yake. Chini kuna namba ya WhatsApp na maneno mawili: "Mikoani tunatuma."

Na kweli wanatuma. Kifurushi kinapanda basi Dar, wewe unakipokea stendi ya Ifakara. Kama uko Mlimba au Malinyi, unasubiri kidogo tu. Ukifungua, ni mafuta ya mbegu za zabibu. Umeambiwa yanalainisha ngozi, yanaondoa madoa, yanaotesha nywele, yanazuia jua na wengine wanasema hata mbu hawakusogelei.

Tuseme ukweli mapema: mafuta yenyewe si mabaya. Ni mazuri tu. Shida ni ahadi zinazobandikwa juu yake, halafu zinauzwa kwa watu wa bonde lenye joto, unyevu, mbu wengi na jua la shamba la mpunga. Hapa ukiamini kila kitu, unaweza kupoteza hela. Kuna mahali unaweza kupoteza zaidi ya hela, na tutafika huko.

Yanatoka wapi?

Ukisema zabibu Tanzania, umesema Dodoma. Ndiko zinakolimwa kwa wingi, kwenye maeneo kama Hombolo na Mpunguzi, na ndiko kilipo kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kinachoshughulika na zao hilo. Tofauti na nchi za baridi, Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka.

Zabibu nyingi zinaishia kwenye mvinyo. Baada ya kukamuliwa, yanabaki makapi: maganda, vikonyo na mbegu. Katika nchi zenye viwanda vikubwa vya mvinyo kama Italia, Ufaransa na Hispania, mbegu hizo zinatenganishwa, zinakaushwa, kisha zinakamuliwa mafuta. Kwa hiyo hii bidhaa ya kifahari ilianza kama mabaki ya kiwandani.

Sasa fanya hesabu ndogo. Kilo 100 za zabibu zinaweza kutoa takriban kilo 4 za mbegu. Mbegu ya zabibu ina mafuta kama asilimia 10 hadi 20 tu ya uzito wake. Maana yake gunia zima la zabibu linakupa nusu lita hivi ya mafuta, ikizidi sana hailifiki lita moja.

Kumbuka hesabu hiyo. Ukiona mtu anauza chupa kubwa ya "zabibu tupu" kwa bei ya chee, jiulize kilichomo ndani ni nini hasa.

Ndani yake kuna nini?

Kitu kikubwa humo ni asidi ya linoleiki, aina ya mafuta ya omega 6. Kwa kawaida inachukua kati ya asilimia 60 na 75 ya mafuta yote. Pia kuna vitamini E kiasi.

Kwa nini ngozi inaijali asidi hii? Fikiria nyumba ya matofali ya kuchoma. Chembe za ngozi ya juu ndiyo matofali. Katikati yake kuna udongo wa kushikilia, na udongo huo umetengenezwa kwa mafuta ya aina mbalimbali. Asidi ya linoleiki ni mojawapo ya malighafi zake.

Sabuni kali, maji ya kila saa na jua vinauondoa udongo huo taratibu. Ndiyo maana mtu aliyeshinda kwenye jaruba la mpunga siku nzima, miguu kwenye maji na mgongo kwenye jua, anarudi nyumbani ngozi imepauka na visigino vimepasuka. Maji yalikuwa tele kumzunguka, lakini ngozi yake imekauka.

Kwenye ngozi: namna ya kuyatumia

Jambo la kwanza ambalo wauzaji hawalisemi: mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Yanazuia maji yaliyopo yasitoke. Kwa hiyo ukijipaka ukiwa mkavu kabisa, unafunika ukavu.

Fanya hivi:

- Oga, jifute kidogo tu, ngozi ibaki na unyevunyevu.
- Weka matone 4 hadi 6 kiganjani, sugua viganja, kisha bonyeza usoni au kwenye mikono. Miguu inahitaji zaidi.
- Subiri dakika chache kabla ya kuvaa.

Sifa yake nzuri ni wepesi. Hayanati kama mafuta ya mgando, na hayana harufu kali. Kwa joto la Ifakara, hasa miezi ya mvua ambapo unatoka jasho hata ukiwa umekaa, wepesi huo ni jambo kubwa. Kuanzia Juni, hewa ikipoa na kukauka na ngozi ikianza kupauka, unaweza kuongeza kiasi.

Kabla ya yote, jaribu kwanza. Paka tone moja sehemu ya ndani ya kiwiko, acha kwa saa 24 hadi 48. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakitoa vipele, mafuta hayo si yako, hata kama shoga yako yanamkubali.

Kwa mtoto mchanga, usianze kujaribu mwenyewe. Muulize nesi siku ya kliniki.

Kwenye nywele

Hapa pia kazi yake ni kufunga unyevu na kulainisha. Osha nywele, paka krimu yako kama unatumia, kisha malizia na mafuta kidogo kuanzia katikati hadi ncha. Nywele zinakuwa laini, zinachanika kirahisi na zinang'aa bila kulala chapa kama umemwagiwa mafuta ya kupikia.

Ila kuna mtego: mba. Watu wengi wakiona magamba meupe kichwani wanadhani ni ukavu, wanaongeza mafuta. Mba mara nyingi inahusiana na fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kichwa, na fangasi hao chakula chao ni mafuta. Ukimimina mafuta ya zabibu kichwani kila siku, unaweza kuwa unawaandalia pilau. Kwenye mba tafuta shampuu yenye dawa, mafuta yabaki kwenye nywele, si kwenye ngozi ya kichwa.

Na kama nywele za mbele zinakimbia kwa sababu ya rasta zinazobana, hakuna kichupa kitakachozirudisha wakati bado unabana. Mwambie msusi alegeze. Ni bure.

"Yanaotesha nywele na kuondoa madoa": hii ilitoka wapi?

Haikutoka hewani, na hapa ndipo wengi tunapochanganywa.

Mwaka 1998, watafiti wa Japan walichapisha matokeo kwamba viini fulani kutoka kwenye mbegu za zabibu vilichochea chembe za vinyweleo vya panya kukua. Mwaka 2004, utafiti mwingine mdogo, pia wa Japan, uliripoti kuwa wanawake wenye madoa ya usoni waliomeza vidonge vya mbegu za zabibu kwa miezi kadhaa walipata nafuu.

Soma tena taratibu. Kilichotumika si mafuta. Ni viini vilivyochujwa kutoka kwenye mbegu na kukusanywa kwa wingi. Viini hivyo havipendi kukaa kwenye mafuta, kwa hiyo mbegu ikikamuliwa, sehemu kubwa inabaki kwenye mashudu. Utafiti mmoja ulikuwa wa panya, mwingine wa vidonge vya kumeza na watu wachache.

Muuzaji akichukua matokeo hayo akayabandika kwenye chupa ya mafuta, ni kama kusifia supu ya kuku kwa sababu yai lina virutubisho. Ni familia moja, lakini si kitu kimoja.

Adui yake mkubwa ni joto letu

Asidi ya linoleiki ina udhaifu: inaharibika haraka ikikutana na hewa, mwanga na joto. Chumba cha bati saa nane mchana Ifakara kina vyote vitatu.

Mafuta yaliyochacha yanaweza kuiwasha ngozi, na faida uliyoyanunulia inakuwa imepungua. Kuyatambua ni rahisi, tumia pua. Mazima hayana harufu, au yana harufu ya mbali kama ya karanga. Yaliyoharibika yananuka kama karanga za mwaka juzi au rangi ya ukutani.

Kwa hiyo:

- Nunua chupa ndogo, utakayoimaliza ndani ya miezi michache.
- Chagua chupa ya rangi nyeusi au kahawia. Ya kung'aa inayopitisha mwanga, iache dukani.
- Andika tarehe uliyofungua kwa kalamu ya kudumu.
- Usiweke dirishani. Kama friji ipo, weka humo. Kama haipo, weka kabatini, upande usiopigwa na jua.
- Funga kifuniko kila ukimaliza.

Jifunze kusoma chupa

Geuza chupa nyuma. Usihangaike na picha ya zabibu mbele, picha haina sheria. Tafuta orodha ya viambato. Kwa kawaida kile kilicho kingi zaidi kinaandikwa kwanza.

Mafuta halisi ya mbegu za zabibu yataanza na jina la kisayansi la mzabibu: Vitis vinifera. Ukikuta limeanza Helianthus annuus, hiyo ni alizeti. Glycine soja ni soya. Paraffinum liquidum ni mafuta yanayotokana na petroli. Neno parfum ni manukato, na kwa ngozi yenye kuwasha ni la kuepuka.

Kama chupa haina orodha kabisa, haina jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, hujui unajipaka nini. Tangu 2019, vipodozi nchini viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kabla ya hapo vilikuwa chini ya TFDA, ambayo sasa ni TMDA. Ukiwa na wasiwasi na bidhaa, TBS ndio wa kuulizwa.

Ndugu yake yupo jikoni kwako

Sasa sehemu ambayo muuzaji wa mtandaoni hataipenda.

Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ileile ya linoleiki kwa wingi, mara nyingi nusu ya mafuta yote au zaidi. Yana vitamini E pia. Alizeti inalimwa kwa wingi Singida na Dodomahiyohiyo, na mafuta yake yako kwenye duka lolote la Ifakara, Mang'ula mpaka Mlimba.

Tena kwa upande wa ngozi, alizeti imefanyiwa utafiti wa maana. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliwapaka watu wazima mafuta ya zeituni na ya alizeti kwa wiki kadhaa. Ya zeituni yaliidhoofisha ngozi ya juu. Ya alizeti hayakuidhoofisha, na yalisaidia ngozi kushika unyevu. Miaka 8 kabla ya hapo, utafiti wa hospitali moja ya Bangladesh ulionyesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko ambao hawakupakwa. Hiyo ilifanywa hospitalini na wataalamu, usiige nyumbani, lakini inakuonyesha alizeti si ya kudharau.

Kwenye nywele, mafuta ya nazi yana rekodi yake. Utafiti wa India wa mwaka 2003 ulilinganisha nazi, alizeti na mafuta ya petroli. Nazi peke yake ndiyo ilipunguza upotevu wa protini ya nywele wakati wa kuosha na kuchana. Ni haki kukwambia kuwa watafiti hao walikuwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Lakini sababu yake inaeleweka: chembe za mafuta ya nazi ni ndogo na zimenyooka, zinaingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu. Paka saa chache kabla ya kuosha.

Kama utatumia alizeti ya jikoni, chota kwenye chupa mpya, weka kwenye kichupa safi kilichokauka. Si yale yaliyokaangia samaki jana.

Ukitaka kujua unalipia nini, chukua bei ya kichupa cha zabibu, igawanye kwa mililita zilizoandikwa. Fanya hivyohivyo kwa alizeti. Weka majibu hayo mawili pembeni kwa pembeni, halafu amua mwenyewe.

Mambo manne ambayo mafuta haya hayafanyi

Sehemu hii ndiyo ya muhimu kuliko zote. Ukiwa na haraka, soma hapa tu.

1. Hayazuii jua. Mtandaoni utaambiwa yana kinga ya asili. Usiyategemee. Kwa mtu mwenye ualbino, kosa hili ni hatari kabisa, kwa sababu jua linaleta saratani ya ngozi. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni halisi ya kukinga jua. Tanzania tunatengeneza moja, Kilisun, kwenye hospitali ya KCMC Moshi, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Kama una ndugu au jirani mwenye ualbino, ulizia kwenye kituo cha afya namna ya kuipata.

2. Hayafukuzi mbu. Tunaishi kwenye bonde ambalo Taasisi ya Afya Ifakara imelitumia kwa miongo mingi kuchunguza mbu na malaria. Watafiti wake wamejaribu hadi kandambili zilizowekwa kiuatilifu, kwa sababu mbu wanatuuma pia tukiwa nje jioni, kabla hatujaingia kwenye neti. Kama mafuta ya zabibu yangetosha, kusingekuwa na haja ya kuhangaika hivyo. Lala kwenye neti. Ukitumia dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, ipake mwisho, juu ya mafuta yako.

3. Hayatibu mapunye wala upele. Mtoto mwenye mapunye kichwani kwa kawaida anahitaji dawa ya kumeza. Ukimpaka mafuta tu, kichwa kitang'aa na fangasi wataendelea kuwapitia wenzake darasani.

4. Hayaondoi baka lisilo na hisia. Ukiona baka limepauka au limekuwa jekundu kidogo, na ukiligusa kwa unyoya au kipande cha pamba huhisi, acha vichupa vyote. Inaweza kuwa ukoma. Bonde hili linaujua ugonjwa huo tangu zamani, na Ifakara ina historia ndefu ya kuwahudumia wagonjwa wake. Habari njema ni kwamba unapona, kwa dawa za miezi 6 hadi 12, na dawa hizo ni bure. Habari mbaya ni kwamba neva ikishakufa hairudi. Kila mwezi unaotumia kupaka mafuta ukisubiri baka liondoke ni mwezi unaoweza kukugharimu vidole.

Na usiyageuze mkorogo

Wapo wanaochanganya mafuta ya zabibu na krimu za kung'arisha ili "yapunguze ukali". Hayapunguzi. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na kuziongezea mafuta ya asili hakuzifanyi kuwa za asili. Zebaki inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo.

Mtu akikuuzia "zabibu" ambayo ndani ya wiki mbili imekufanya mweupe, hiyo si zabibu. Acha kuitumia, chukua chupa yako, nenda nayo hospitali.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue?

Kama hela ipo, unapenda mafuta mepesi na umesoma chupa ukaridhika, nunua. Chupa ndogo, ya giza, itunze mbali na joto. Utafurahia ngozi laini na nywele zenye mng'ao.

Kama hela ni ya mawazo, usijisikie vibaya. Alizeti kwa ngozi, nazi kwa nywele, na ngozi yenye unyevu unapopaka. Hapo utakuwa umepata sehemu kubwa ya kile anachokipata yule dada wa kwenye video.

Na kama kilichokufanya utafute mafuta ni baka, kidonda kisichopona, au mtoto anayejikuna usiku kucha, basi nauli ya kwenda kituo cha afya ndiyo matumizi bora ya hela hiyo.